Mwangwi Ulioonesha Njia

Mwaka 1979 mke wangu alijifungua mtoto njiti. Muuguzi, mama mtu mzima mwenye mkono mwepesi, alitafuta mshipa mkononi, mguuni, hata kichwani, asiupate. Mtoto tulikaa naye siku mbili. Sikumlaumu mama yule, wala simlaumu leo.

Ndiyo maana mwaka 2019, binti yangu alipojifungua wa miezi saba hapa Magu na mtoto akapelekwa Mwanza, kilomita zipatazo sitini, nilipanda gari nikiwa nimekata tamaa kabla ya kufika.

Nilimkuta daktari kijana ameshika kidude kidogo chenye waya, amekipaka mafuta mazito, anakitembeza juu ya tumbo la mjukuu wangu. “Shikamoo, babu. Sogea uone.” Mpira mwembamba ulikuwa umepitishwa kitovuni. Kwenye kioo damu ilionekana nyeusi, na ndani ya weusi huo mistari miwili myeupe iliyokwenda sambamba: kuta za mpira. Ncha ilikuwa imekunja kuelekea kwenye ini. Dawa kali ikimwagwa humo huliumiza. Akauvuta nyuma kidogo, akauelekeza upya, nasi tukauona ukipanda hadi karibu na mlango wa moyo.

Njia ya kitovu si mpya. Katika miaka ya 1940 huko Boston, Marekani, Daktari Louis Diamond aliitumia kubadilisha damu ya vichanga. Kitovu kina mishipa mitatu: vena moja pana na ateri mbili nyembamba, na kwa siku chache baada ya kuzaliwa vena ile bado hupitika. Tatizo lilikuwa kujua ncha imefika wapi. Picha ya eksirei huonesha mpira na mifupa, lakini mshipa wenyewe hauonekani, nayo hupigwa kazi ikiwa imekwisha fanyika.

Ultrasaundi ni mwangwi tu. Nilipokuwa nasomea ualimu tulipiga makofi mbele ya majabali ya Mwanza tukihesabu sauti inavyorudi, na kwa miaka mingi niliwafundisha watoto hivyo hivyo. Katika Vita Kuu ya Kwanza Mfaransa Paul Langevin alitumia mwangwi kutafuta nyambizi baharini. Baadaye viwanda vikautumia kutafuta nyufa ndani ya chuma. Mwaka 1955 Profesa Ian Donald wa Glasgow, Uskoti, alichukua vivimbe vilivyokatwa kwa wagonjwa akavipeleka kiwandani kuvijaribu kwa chombo hicho cha chuma (nawaza walinzi wa getini walimtazamaje!). Mwaka 1958 yeye na wenzake, John MacVicar na fundi Tom Brown, walichapisha matokeo katika jarida la Lancet.

Sikio letu hukomea mitetemo 20,000 kwa sekunde. Mashine hii hutumia mamilioni. Yale mafuta ni ya kuondoa hewa, maana hewa huirudisha sauti kabla haijaingia mwilini. Na kichanga, kwa udogo wake, huonekana vizuri kuliko mtu mzima, kwa kuwa mishipa yake haiko mbali na ngozi.

Mjukuu alitoka hospitali baada ya wiki sita. Siku ya kuondoka nilimweleza daktari habari za mwaka 1979, nikamwuliza kama mtoto wangu naye angepatiwa mshipa.

Alikaa kimya, kisha akasema, “Wa kitovuni ulikuwepo, babu.”