Reli ya Uganda Upande wa Bara: Miaka 130 ya Njia ya Changamwe

Tarehe 30 Mei 1896, kisiwani Mombasa, kililazwa chuma cha kwanza cha njia iliyokuja kujulikana kama Reli ya Uganda. Mei 2026 yatimia miaka 130. Kila kumbukumbu ya aina hii inapofanywa, sifa huenda Nairobi, mji uliozaliwa na reli, au Tsavo kwa ajili ya simba wake. Historia hii fupi inaanzia karibu zaidi: Makupa, Changamwe na Miritini. Ni upande huu wa bara ambako reli ilikutana kwanza na mvua, homa na kilima, na ni huku ambako wenyeji waliuona kwanza utawala wa Kiingereza ukiwa kazini. Ulikuwa utawala wa njia. Ulihesabu kwa makini kinachopita, na kwa nadra wanaokaa.

Kabla ya chuma

Mombasa ni kisiwa, lakini pale Makupa bahari ilikuwa haimtengi sana mtu na bara. Maji yakipwa, watu walivuka kwa miguu. Kwa sababu hiyo Makupa palilindwa tangu zamani: Wareno walijenga vingome pale, na Wazimba walipouvamia mji mwaka 1589 walipitia kivuko hichohicho. Ng'ambo yake ilikuwa Changamwe, chimbuko la jina la Wachangamwe ambao, pamoja na Wakilindini na Watangana, ndio Tatu Taifa katika Thenashara Taifa za Mombasa. Misafara ya kwenda kutafuta pembe ilishika njia za huku kuelekea Rabai, kisha ikaiingia nyika kavu ya Taru, mizigo ikiwa vichwani mwa wapagazi.

Mwaka 1888 Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki, ya William Mackinnon, ilipewa hati ya malkia ya kufanya biashara na kutawala kwa pamoja, makao yake yakiwa Mombasa. Kampuni ilijaribu reli mwaka 1890: njia nyembamba iliyokwisha baada ya maili saba hivi, fedha zikiwa zimepungua na safari haijaanza. Reli zake ziling'olewa baadaye zikatandikwa katika mitaa ya Mombasa, na juu yake wakubwa wa mji wakapanda vigari vilivyosukumwa na watu. Kazi moja ya enzi hizo ilidumu. Mwaka 1891 na 1892 Kapteni J. R. L. Macdonald, kwa fedha za serikali ya London, aliongoza upimaji wa njia kutoka Mombasa hadi Ziwa Viktoria.

Kampuni ilipolemewa, serikali ya Uingereza ilichukua nchi tarehe 1 Julai 1895 na kuiita Himaya ya Afrika Mashariki, Arthur Hardinge akiwa mkuu wake. Ukanda wa maili kumi wa pwani, ambamo Changamwe, Kisauni na Likoni zote zimo, ulibaki kwa jina milki ya Sultani wa Zanzibar, naye akilipwa pauni 17,000 kwa mwaka. Bendera yake nyekundu iliendelea kupepea Fort Jesus hadi 1963. Chini ya bendera hiyo waliotoa amri walikuwa Waingereza.

Si kila mtu alikubali. Mbaruk bin Rashid, Mazrui wa Gazi, alipigana na serikali hiyo mpya tangu 1895, hata ikabidi askari waletwe kutoka India. Aprili 1896 alivuka mpaka akajisalimisha kwa Wajerumani. Wiki chache baadaye kazi ya reli ikaanza. Barabara ya amani ilikuwa imesafishwa kwa bunduki.

Mwaka wa tope

Mhandisi mkuu, George Whitehouse, aliwasili Mombasa Desemba 1895. Alikuta bandari ya kina ya Kilindini bila gati la kufaa, kisiwa bila daraja, na mji wenye maji haba. Bunge la Uingereza liliidhinisha pauni milioni tatu katika mwaka wa 1896, huku Henry Labouchere na wenzake wakipinga kwamba fedha zinatupwa nyikani. Njia iliamuliwa iwe ya upana wa mita moja, kipimo kilichotumika sana India, na ni India palipotoka mafundi, makarani na sheria za kuwasimamia.

Kizuizi cha kwanza kilikuwa Makupa. Likajengwa daraja la mbao la muda, reli ikavuka hadi bara, na baadaye likafuata la chuma lililopewa jina la Salisbury, waziri mkuu wa Uingereza. Kutoka ukingoni njia ilianza kupanda papo hapo: Changamwe, kisha Mazeras, kisha vilima vya Rabai. Mvua za mwisho wa mwaka zilikuwa kubwa. Matuta yaliporomoka, mataruma yakazama, na homa ikalaza nusu ya vibarua. Mwaka 1896 ulipokwisha, reli ilikuwa imefika maili 23 tu. Juu ya hayo, tauni iliyozuka Bombay na kusambaa hadi Karachi ilizuia kwa muda kuajiri watu wapya. Wanyama wa kubeba mizigo walikufa kwa mamia kwa kuumwa na mbung'o. Taru nako hakukuwa na maji, ikawa treni inabeba maji kuwapelekea wanaoijengea njia.

Wahindi wa mkataba waliofika kwa ajili ya ujenzi walikuwa 31,983, wengi wao kutoka Punjab, kwa mikataba ya miaka mitatu. Hesabu ya mwisho ilionyesha waliokufa 2,493, waliorudishwa kwao kwa ugonjwa au ulemavu 6,454, na waliobaki Afrika Mashariki 6,724. Hesabu kamili kama hiyo haikuwekwa kwa Waafrika waliofyeka msitu, kuchimba udongo na kubeba mawe. Utumwa ulikuwa haujafutwa pwani, ulifutwa 1907, na wako watumwa walioacha mashamba ya mabwana zao wakafuata ujira wa reli. Kwao njia hii ilikuwa mlango, hata kama aliyewafungulia hakuwa na nia hiyo.

Serikali mbili mahali pamoja

Msomaji wa leo anaweza kudhani kwamba Whitehouse alikuwa mtumishi wa Hardinge. Hakuwa. Reli ilisimamiwa na kamati maalumu huko London, chini ya Wizara ya Mambo ya Nje, na mhandisi mkuu aliwajibika kwa kamati hiyo. Mkuu wa Himaya alitawala nchi. Reli ilijitawala yenyewe. Ilikuwa na polisi wake, hospitali zake, bohari zake, simu yake ya waya na nyumba za watumishi wake. Bajeti yake iliifanya ya Himaya ionekane ndogo. Mwenyeji wa Changamwe aliyetaka kazi, dawa au habari kutoka mbali alikuwa na sababu zaidi ya kwenda stesheni kuliko kwenda ofisi ya serikali.

Hivyo taratibu nyingi za utawala zilifika bara zikiwa zimepanda reli: saa ya kazi, mshahara wa mwezi, tiketi na stakabadhi, rupia mfukoni mwa kibarua. Zilifika pia pamoja na mgawanyo. Mzungu alikuwa mhandisi au msimamizi, Mhindi fundi, dereva, karani au mkuu wa stesheni, na Mwafrika mtu wa kazi za mikono. Ngazi hiyo ilipangwa katika miaka ya ujenzi, na ilichukua zaidi ya nusu karne kuvunjwa.

Reli ilifika Nairobi Mei 1899, na mwaka huohuo makao yake makuu yakahamishwa kutoka Mombasa kwenda huko. Serikali ya Himaya ikafuata mwaka 1905. Desemba 1901 chuma kilifika ukingo wa ziwa, mahali palipoitwa Port Florence, sasa Kisumu. Gharama ilikuwa imepanda hadi takriban pauni milioni tano na nusu. Mwaka 1902 mpaka ukasogezwa, mkoa wa mashariki wa Uganda ukatiwa katika Himaya, na Reli ya Uganda ikajikuta haina hata maili moja ndani ya Uganda. Treni ilifika Kampala mwaka 1931 kwa njia nyingine, kupitia Eldoret.

Changamwe baada ya ujenzi

Mwaka 1926 jina lilibadilika kuwa Reli ya Kenya na Uganda. 1948 ikaunganishwa na ya Tanganyika. 1969 likaundwa Shirika la Reli la Afrika Mashariki. Na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977, Kenya ikabaki na shirika lake.

Kwa bara ya Mombasa, lenye uzito zaidi ni upande ambao reli iliuchagua. Kisauni ilingoja daraja la kuelea la Nyali hadi 1931. Likoni ilipata feri mwaka 1937, na hadi leo anayetoka huko kwenda kisiwani hutazama kwanza foleni ya kivuko. Changamwe ilikuwa na njia ya chuma tangu 1896. Kwa hiyo bandari ya Kilindini ilipopanuka, viwanda, matangi ya mafuta na nyumba za wafanyakazi vilielekea huko. Kiwanda cha kusafisha mafuta kikaanza miaka ya uhuru, na mwaka 1978 bomba la mafuta likaanza kupeleka Nairobi kile ambacho mabehewa yalikuwa yakibeba.

Wafanyakazi nao walijua nguvu ya mahali walipo. Januari 1947, watu wa bandari, wa reli na wa kazi nyingine waligoma pamoja, wapatao 15,000, wakidai ujira unaolingana na gharama ya maisha Mombasa. Chege Kibachia akawa sauti yao. Walikuwa wameelewa kwamba mji wenye njia moja kuu ya kuingia bara husimama pale wanaoiendesha wanapoketi.

Reli mpya, swali lilelile

Mwaka 2017 ilizinduliwa reli ya kisasa ya Mombasa hadi Nairobi, na safari hii stesheni kuu ya abiria haikuwekwa kisiwani. Iliwekwa Miritini. Tuta la Makupa, lililokuwa limechukua nafasi ya daraja na kuziba mkondo kwa miongo mingi, lilibomolewa; 2022 likafunguliwa daraja jipya, na maji yakapita tena chini yake.

Lakini pamoja na treni mpya ilikuja amri kwamba makontena yasafirishwe kwa reli moja kwa moja hadi bara ya mbali. Mabohari ya Changamwe yalipungukiwa na kazi. Madereva wa malori, mawakala wa forodha na wauza chakula barabarani wakaingia mitaani kulalamika. Amri hiyo iliondolewa Septemba 2022, baada ya riziki nyingi kuyumba. Waliopanga reli waliipima kwa tani na kwa saa za kufika Nairobi, kama kamati ya London ilivyopima. Waliokaa kando ya njia hawakuwemo katika hesabu.

Taasisi ya miaka 130 inastahili heshima, na heshima ya kweli ni pamoja na kuwataja waliofia tope la 1896, Wahindi waliobaki wakawa wenyeji, na Waafrika ambao daftari halikuwaandika. Inastahili pia kipimo kipya. Reli imethibitisha mara kwa mara kwamba inaweza kuupitisha mzigo Changamwe. Kinachongojwa ni mipango inayouliza, kabla ya chuma kulazwa, mzigo huo utaacha nini kwa Changamwe yenyewe: kazi gani, nyumba gani, maji gani. Swali hilo halikuulizwa mwaka 1896 wala mwaka 2017. Wanaopanga njia itakayofuata hawatakuwa na udhuru wa kutojua.