Mto, Utemi na Mji: Majina ya Mahali katika Historia ya Bariadi

Mipaka ya utawala huweza kubadilika kwa tangazo moja la serikali. Majina ya mahali hayabadiliki kwa wepesi huo, na kwa sababu hiyo huhifadhi historia ambayo ramani imekwisha kuisahau. Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, ni mfano mzuri.

Mkoa huo uliundwa mwaka 2012 kwa kumega Mkoa wa Shinyanga na kuongezewa Busega kutoka Mwanza. Ulipewa jina la mto Simiyu, ambao hukusanya maji kutoka upande wa Serengeti na kuyamwaga katika Ziwa Viktoria. Mto umebaki na jina la wenyeji, ilhali ghuba inayoupokea huitwa kwa jina la John Speke, Mwingereza aliyefika ziwani mwaka 1858.

Hata hivyo, si mto uliozaa mji. Maji yake hufurika wakati wa mvua na kupungua mno wakati wa kiangazi, wala hayapitishi vyombo vya biashara. Kilichoinua eneo hili ni pamba, hususan baada ya wakulima wa Usukuma kujiunga katika vyama vya ushirika miaka ya 1950.

Kabla ya hapo nchi ilikuwa ya watemi: Ntuzu, Itilima, Kanadi na wengineo, waliowekwa na Waingereza chini ya Wilaya ya Maswa. Utemi ulifutwa mwaka 1963. Mwaka 2012 jina la Itilima lilirejea likiwa la wilaya. Ntuzu, nchi ya Bariadi, haikupewa wilaya. Jina hilo limedumu vinywani, kwani wenyeji wangali wakiitwa Wanyantuzu.

Hapa ndipo taaluma ya lugha inapohusika. Tahajia ya Kiswahili imegeuza *Ng'wanza* kuwa Mwanza, na majina mengi ya vijiji vya Simiyu yanayoanza kwa *Ng'wa-* huandikwa *Mwa-*. Kiambishi hicho cha Kisukuma aghalabu huhusisha mahali na mtu au ukoo fulani. Msomaji wa ramani hupata njia ya kufika kijijini, lakini hukosa habari ya nani alikianzisha. Habari hiyo ingali kwa wazee. Isipoandikwa pamoja na matamshi yake, itazikwa nao.