Senti Kumi za Bibi

Mwaka 2024 jamaa yangu mmoja, mtu wa kuandika programu, alinipigia simu nikiwa Garsen kwa bibi. Yeye na wenzake wawili walikuwa wanajenga daraja la blokucheni, ili mtu aliye Doha au Muscat atume kripto na imfikie mamake huku Tana River ikiwa shilingi kwenye simu. Alitaka nimwandikie maelezo kwa Kiswahili cha kueleweka. Halafu akauliza: "Buda, si wewe ulisoma historia? Tupitishe sarafu gani, tuache gani?"

Historia niliisoma mihula mitatu, kisha karo ikaisha. Nikamwambia nitafikiria.

Bibi ana sarafu moja aliyoachiwa na mamake, anaiweka kwenye kopo la majani ya chai pamoja na vifungo. Ni senti kumi ya mwaka 1912, imetobolewa katikati, pembe za ndovu zimezunguka lile tundu. Hiyo si senti ya shilingi. Ni sehemu ya kumi ya rupia. Rupia ndiyo iliyokuwa pesa ya pwani hii na ya Kenya nzima wakati huo, na kodi ya nyumba ililipwa kwa rupia. Kabla yake, na hata sambamba nayo, kulikuwa na riale ya Maria Theresa, ile iliyoandikwa 1780 hata kama ilipigwa miaka mia moja baadaye. Neno pesa lenyewe ni paisa ya Wahindi. Tumekuwa tukipitisha sarafu za watu siku nyingi.

Sasa, daraja la blokucheni. Blokucheni mbili hazijuani, kama vile ng'ambo mbili za mto. Hakuna kinachovuka hasa. Unafungia sarafu yako upande huu, na upande wa pili unapewa kitu kama risiti inayosema, "Kuna sarafu moja imefungwa kule." Risiti hiyo inauzwa na kununuliwa kama pesa yenyewe, mradi kilichofungwa bado kipo. Machi 2022 wezi walipata funguo 5 kati ya 9 za daraja linaloitwa Ronin, wakatoka na mali ya zaidi ya dola milioni 600. Waliokuwa ng'ambo walibaki na risiti mkononi.

Nilipofika hapo nikakumbuka kwamba shilingi yetu ilizaliwa hivyo hivyo. Mwishoni mwa mwaka 1919 Waingereza waliunda Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, makao yake London. Ukilipa pauni kule, unatolewa pesa huku. Pauni imefungwa London, risiti inatembea hadi Garsen. Na hata hilo daraja halikuwa limejaa: bodi ilipata hasara kubwa kwa kununua rupia za zamani huku bei ya fedha, ile madini, ikianguka, na ikachukua hadi baada ya Vita vya Pili vya Dunia ndipo akiba ya London ikatosha kulipia pesa yote iliyokuwa mikononi mwa watu.

Lakini kilichouma zaidi ni kiwango. Kabla ya vita, rupia 15 zilikuwa pauni moja. Mwaka 1920 serikali ikaamua ziwe 10. Mlowezi aliyekuwa na deni la rupia 1,500 benki alilala akidaiwa pauni 100, akaamka akidaiwa 150, na kahawa yake inauzwa London kwa pauni. Walowezi wakapiga kelele. Rupia ikageuzwa florini, na florini ikageuzwa shilingi mbili mwaka 1921. Mwaka huo huo walowezi wakakata mishahara ya Waafrika kwa theluthi. Piga hesabu: 150 ukitoa theluthi unarudi 100. Walisema bei za mazao zimeanguka, na kweli zilianguka, lakini hasara ya kile kiwango nayo ilisukumwa kwa vibarua, wakati kodi ilikuwa imetoka kupandishwa. Harry Thuku alisimama kwa ajili ya hilo, na mengine. Alikamatwa Machi 1922, na watu waliokusanyika kumdai mbele ya kituo cha polisi Nairobi wakapigwa risasi.

Haya yangenipita tu kama historia, isipokuwa mwaka huo wa 2024 mimi pia nilikuwa nimeumwa na kiwango. Nilikuwa na USDT 300 nilizolipwa na wateja wa nje, nikiziweka ili nirudi chuo. Januari dola ilikuwa karibu shilingi 160, kwa hivyo nilijiona nina 48,000. Karo ya muhula ilikuwa 45,000. Nikangoja, nikidhani dola itazidi kupanda. Kufikia Aprili ilikuwa karibu 130. Nikabaki na 39,000. Sarafu haikuibwa, daraja halikuvunjika. Deni langu lilikuwa la shilingi, akiba yangu ya dola, basi.

Nikampigia jamaa. Nikamwambia asinitajie kwanza sarafu inayopanda. Aniambie huyo mama wa Garsen anadaiwa kwa pesa gani. Dukani anadaiwa shilingi. Anayenunua mbuzi wake anampa shilingi. Kwa hivyo bitcoin ikae kando. Wapitishe dola moja au mbili zinazojulikana, zibadilishwe siku ile ile, na mtumaji aone ni shilingi ngapi zitafika kabla hajabonyeza. Na kiwango kikicheza njiani, hasara iwe ya daraja, si ya mama.

"Hiyo ya mwisho itatumaliza," akasema.

"Basi iandikeni wazi kwamba ni yake."

Akanyamaza kidogo. Wiki iliyofuata alisema wameanza na USDT pekee, na kuhusu hasara bado wanabishana. Malipo yangu alinitumia kwa USDT vilevile. Nilizibadilisha jioni hiyo hiyo.