Santuri, Kanda na Duka la Mtandaoni: Historia ya Kuutafuta Muziki katika Bonde la Kilombero

Bonde la Kilombero, lililolala kati ya milima ya Udzungwa na nyanda za juu za Mahenge, limekuwa kwa zaidi ya karne moja makutano ya aina nyingi za muziki: ngoma za Wapogoro, Wandamba, Wambunga na Wabena, nyimbo za Kanisa Katoliki, na muziki wa dansi uliofika Ifakara kutoka Morogoro na Dar es Salaam kwa njia ya redio, santuri na kanda. Leo sehemu kubwa ya urithi huo hutafutwa katika maduka ya muziki ya mtandaoni, na wanaoutafuta, wawe walimu wa kwaya wanaotaka misa fulani au wapenzi wa zilipendwa wanaotaka toleo la kwanza la wimbo, hulalamika kwamba huandika jina sahihi na kuletewa kitu kingine kabisa. Lawama kwa kawaida huangukia intaneti, ilhali tatizo lenyewe ni la zamani kuliko intaneti. Kila aliyehifadhi sauti zilizorekodiwa alizipanga kwa namna iliyomfaa yeye mwenyewe, na msikilizaji aliyekuja baadaye na swali tofauti alikuta mpangilio huo haumjibu.

Wahifadhi wa mwanzo walikuwa wanazuoni wa Ulaya. Mwaka 1900 Carl Stumpf alianzisha mjini Berlin hifadhi ya sauti ambamo nyimbo zilizonaswa kwenye mitungi ya nta, yaani vipande vya mviringo vilivyochorwa mawimbi ya sauti kwa sindano, zilikusanywa kutoka pande nyingi za dunia. Kutoka kusini mwa Afrika Mashariki ya Kijerumani, Karl Weule alipeleka huko mitungi aliyoirekodi katika safari yake ya mwaka 1906, na Erich von Hornbostel aliichambua mikusanyo ya aina hiyo ili kulinganisha mizani na mapigo ya muziki wa mataifa mbalimbali. Mwaka 1950 Hugh Tracey alizunguka Tanganyika akirekodi Wahehe, Wagogo, Wanyamwezi na wengineo, na kazi yake ikaingia katika mfululizo wa santuri uliokaribia 210, uliosambazwa na maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha mwaka 1954 karibu na Johannesburg, ambayo baadaye ilihamia Grahamstown. Tracey aliandika kwa uangalifu lugha, mahali, ala na aina ya wimbo, jambo ambalo watengenezaji wengi wa santuri za biashara hawakulijali, lakini hata kwake mlango mkuu wa kuingilia ulikuwa kabila. Mpangilio huo ulimfaa mtaalamu wa lugha na ala, ila haukulifaa bonde kama la Kilombero, ambako watu wa asili mbalimbali, wakiwamo Wambunga ambao chimbuko lao limefungamana na misafara ya Wangoni wa karne ya 19, wameishi vijiji vya jirani, wakaoana na kuchezeana ngoma. Sangula, ngoma inayojulikana zaidi kuwa ya Wapogoro, haikubaki ndani ya mipaka ya kabila moja kiasi cha kutafutwa kwa jina hilo peke yake.

Chanzo cha pili cha urithi huu, baada ya mikusanyo ya wanazuoni, kilikuwa Kanisa. Wamisionari Wabenedikto walifungua misheni ya Kwiro, Mahenge, mwaka 1902, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walipoondolewa, nafasi yao ilichukuliwa kuanzia mwaka 1921 na Wakapuchini kutoka Uswisi, ambao waliijenga Ifakara kuwa kituo kikubwa cha dini, elimu na tiba. Liturujia, yaani taratibu za ibada ya hadhara, iliimbwa kwa Kilatini hadi Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipotoa mwaka 1963 hati yake juu ya liturujia, iliyotaka muziki wa wenyeji wa nchi za misheni upewe heshima yake. Watunzi wa Tanzania walikuwa wamekwisha kuanza kuuingiza muziki huo kanisani, kama inavyoshuhudia kazi ya Padri Stephen Mbunga, mtunzi wa Misa Baba Yetu. Kwaya za majimbo ya Mahenge, lililoundwa mwaka 1964, na Ifakara, lililozaliwa kutokana nalo mwaka 2012, zimerithi hazina mbili kwa pamoja: nyimbo za watunzi wa Kiafrika, na kazi za watunzi mashuhuri wa Ulaya, ukiwamo wimbo ule wa Handel kutoka Messiah ambao wanakwaya wengi huuita Aleluya Kuu.

Ni katika hazina hii ya pili ndipo ugumu wa maduka ya mtandaoni huonekana waziwazi. Kazi ya muziki wa kitaalamu wa Ulaya, unaoitwa kwa kawaida muziki wa klasiki, hutambulishwa kwa mambo mengi kwa wakati mmoja: mtunzi, jina la kazi, sehemu yake, kwaya, okestra, mwongozaji, mwimbaji pekee na mwaka wa kurekodiwa. Messiah imerekodiwa mara nyingi mno, na anayetaka rekodi moja mahususi hawezi kuipata kwa jina la wimbo tu. Afrika yenyewe inatoa mfano ulio karibu zaidi. Misa Luba ilizaliwa Kamina, Kongo, katika miaka ya 1950, chini ya Padri Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, ikaimbwa na kwaya ya Les Troubadours du Roi Baudouin kwa sauti ambazo kwa sehemu kubwa waimbaji wenyewe walizibuni palepale, na kampuni ya Philips ikaitoa kwenye santuri. Zaidi ya miaka 30 baadaye, Muungano National Choir ya Kenya chini ya Boniface Mganga iliirekodi upya, tena kwa kampuni ileile. Katika orodha ya duka, Haazen huweza kuonekana kama mtunzi, mwongozaji au msanii, kwaya ya Kongo huweza kutajwa au kuachwa, na toleo la Kenya huchanganyika na la kwanza, hata mwalimu wa kwaya anayetaka kuwasikilizisha wanafunzi wake uimbaji wa Kamina hana njia ya hakika ya kuutenga na wa Nairobi ila kwa kusikiliza moja baada ya jingine.

Chanzo cha tatu, kilichogusa watu wengi zaidi, ni muziki wa dansi. Mkoa wa Morogoro, ambao Ifakara ni sehemu yake, ulitoa bendi mbili zilizosikika Afrika Mashariki nzima: Cuban Marimba ya Salum Abdallah, aliyefariki kwa ajali mwaka 1965, na Morogoro Jazz, ambayo Mbaraka Mwinshehe aliiongoza hadi alipoiacha mwaka 1973 na kuunda Super Volcano, kabla ya kufariki kwa ajali ya gari Mombasa Januari 1979. Kwa kuwa Tanzania haikuwa na kiwanda cha santuri, nyimbo hizo zilitolewa Kenya: za Salum Abdallah na Assanand & Sons wa Mombasa kwa lebo ya Mzuri, na nyingi za Mbaraka na Polydor mjini Nairobi. Mwenye duka la santuri aliagiza mali kwa lebo na namba, wala si kwa mtunzi au mwaka. Tena upande mmoja wa santuri ndogo ulibeba takribani dakika tatu, hivyo wimbo mrefu wa dansi ulikatwa vipande viwili, sehemu ya kwanza upande mmoja na ya pili nyuma yake, mkato ambao ungali unausumbua mtandao, kwa sababu vipande hivyo mara nyingi huorodheshwa kama nyimbo mbili zisizojuana.

Kwa wakazi wengi wa bonde, hata hivyo, muziki ulifika kwa redio. Kituo kilichoanza mwaka 1951 kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam, kikawa Redio Tanzania mwaka 1965, ndicho kilichorekodi bendi za dansi na kwaya katika studio zake, kikahifadhi kanda zake, na kupitia watangazaji wake kikawataja watunzi, waimbaji na bendi. Mtangazaji alikuwa kwa vitendo orodha ya maktaba inayosema: msikilizaji wa Ifakara hakuhitaji kutafuta, kwa kuwa alielezwa, ingawa hakuwa na uwezo wa kuuchagua wimbo kwa saa anayoitaka. Redio kaseti iliporahisisha kunakili nyimbo kutoka hewani, na reli ya TAZARA iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 ilipoiunganisha Ifakara na Dar es Salaam hata katika masika ambayo mafuriko huharibu barabara, kanda zilizonakiliwa zilienea bondeni zikiwa na jina la bendi lililoandikwa kwa kalamu na bila maelezo mengine. Nyimbo zilizidi kupatikana huku habari zake zikipungua, hali iliyoendelea katika vibanda vya kuchoma CD na kuingiza nyimbo kwenye memori kadi za simu.

Teknolojia ya dijiti iliufanya upungufu huo kuwa kanuni. Mwaka 1996 ulibuniwa mfumo wa kubandika maelezo kwenye faili za MP3, ulioitwa ID3, ambao katika toleo lake la kwanza ulikuwa na nafasi ya herufi 30 kwa jina la wimbo, 30 kwa msanii na 30 kwa albamu, pamoja na mwaka, maoni na aina moja iliyochaguliwa kutoka orodha ya aina 80. Mtunzi hakupewa nafasi, mwongozaji hakutajwa, na dansi na taarabu hazikuwamo katika orodha. Matoleo ya baadaye yaliongeza nafasi, lakini mtazamo wa wimbo mmoja na msanii mmoja uliingia katika maduka makubwa ya mtandaoni, yakiwamo Apple Music iliyofunguliwa Tanzania mwaka 2020 na Spotify iliyofuata mwaka 2021. Ndani ya mtazamo huo, Mbaraka Mwinshehe Mwaruka hugawanyika kati ya majina ya Mwinshehe, Mwaruka, Morogoro Jazz na Super Volcano. Cuban Marimba ya Salum Abdallah huchanganywa na ile iliyoendelea chini ya Juma Kilaza, na mwaka unaoonyeshwa mara nyingi ni wa toleo la dijiti, si wa kurekodiwa.

Si haki kusema kwamba duka la mtandaoni halijaleta faida, kwani rekodi za miaka ya 1960 zilizorudishwa na Werner Graebner kupitia Dizim Records na mfululizo wa Zanzibara wa Buda Musique wa Paris, zikiambatana na maelezo ya kitaalamu, zinasikika leo na watu ambao wasingeziona kamwe zikiwa santuri. Inajulikana pia kwamba tatizo linatatulika palipo na wanunuzi: malalamiko ya wapenzi wa klasiki yalizaa huduma kama IDAGIO ya Berlin, na mwaka 2023 Apple ilifungua programu ya pekee, iliyotokana na huduma ya Primephonic iliyokuwa imeinunua, ambamo msikilizaji hutafuta kwa mtunzi, kazi, kwaya na mwongozaji. Muziki wa dansi na wa kwaya za Afrika Mashariki una mahitaji yaleyale, lakini haujajengewa mlango wa namna hiyo.

Mlango huo hautajengwa na kampuni za ng'ambo kabla ya wenye muziki kuandika habari zake. Kwaya, vikundi vya ngoma, studio na redio za jamii za Ifakara, Mahenge na Malinyi ziandike kwa kila rekodi mtunzi, waimbaji, wapigaji, mahali na tarehe, tena siku ileile ya kurekodi, wakati waliohusika wangali wanakumbuka. Na wazee waliozishuhudia enzi za santuri waulizwe sasa.