Kutu ya Jembe: Jinsi ya Kuitoa na Kuizuia Isirudi

Sisi watu wa Pwani tumezoea kuisingizia bahari. Panga likiota wekundu, tunasema ni hewa ya chumvi. Nami niliamini hivyo mpaka Machi moja nilipomtembelea rafiki yangu Bumula, kaunti ya Bungoma, zaidi ya kilomita 800 kutoka Mombasa.

Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha na majirani wanapanda mahindi. Mama mwenye nyumba alikuwa amekaa kibarazani na majembe matatu mekundu. Tangu palizi ya msimu uliopita yalikuwa stoo, yamegandwa na udongo, yameegemea gunia la mbolea. Moja lilikuwa limeliwa hata ukingo wake unamomonyoka mkononi. Alikuwa ameita vibarua wanne siku hiyo. Wawili walikaa bure kwa kukosa jembe.

"Mama, tujaribu kuyafufua," nikamwambia.

"Jaribu, mwanangu, lakini mvua hainingojei."

Kutu inatoka wapi?

Chuma hushika kutu kikikutana na maji na oksijeni kwa pamoja. Chumvi huharakisha kazi hiyo, ndiyo maana huku kwetu vyuma havidumu. Lakini mbolea za dukani, kama DAP na CAN, nazo ni aina za chumvi: huvuta unyevu na kula chuma. Udongo uliogandia jembe nao hushikilia maji. Kwa hiyo Bumula haina bahari, ila ina chumvi yake. Na kutu haikilindi chuma. Hubambuka, ikafungua chuma kipya chini yake, nacho kikaliwa.

Kuitoa

1. Osha udongo wote, kisha kausha. Ukiweza, toa mpini, kwani maji hujificha kwenye tundu la jembe.

2. Kutu nyepesi isugue kwa brashi ya waya, msasa, au waya wa kusugulia masufuria.

3. Kutu nzito ilowekwe kwenye siki nyeupe, ndani ya ndoo ya plastiki, usiku kucha. Asidi ya siki huyeyusha kutu. Usipitishe siku nzima bila kutazama, maana baadaye huanza kula chuma chenyewe. Siki ikikosekana, paka chumvi na maji ya ndimu, acha saa mbili tatu, kisha sugua kwa ganda la ndimu.

4. Suuza kwa maji yaliyotiwa vijiko viwili vya magadi ya kupikia ili kuua makali ya asidi, kisha kwa maji matupu. Kausha papo hapo. Ukichelewa, kutu mpya itatokea kabla hujamaliza chai yako.

5. Noa kwa tupa, halafu paka mafuta.

Tahadhari

Usitumie asidi ya betri. Inaunguza ngozi na macho. Usichanganye siki na dawa ya kung'arishia nguo, kwani hutoa hewa ya sumu. Usilitie jembe motoni ili kutu ibabuke, maana moto hulegeza ugumu wa makali. Vyombo vilivyopakwa zinki, kama ndoo za bati, usivitie kwenye siki. Itaondoa zinki inayovikinga.

Tena, wengi hudhani kutu ndiyo inayoleta pepopunda. Ugonjwa huo huletwa na bakteria wanaoishi kwenye udongo na samadi. Hata jembe linalong'aa likikukata, safisha jeraha na uende kituo cha afya uulizie chanjo.

Kuizuia

Dakika tano za jioni zinatosha. Ondoa udongo, futa kwa kitambaa kikavu, paka mafuta kidogo ya kupikia. Tundika ukutani, mbali na mbolea. Usisimamishe jembe sakafuni penye unyevu. Mpini nao upakwe mafuta ya kitani usipasuke.

Njia nyingine ni ndoo ya mchanga mkavu uliochanganywa na mafuta kidogo: unachomeka panga au sepetu mara kadhaa, linasafika na kupakwa kwa pamoja. Wenzangu wa Pwani, msichukue mchanga wa ufuoni, una chumvi. Na oili chafu ya gari iache gereji, usiipeleke kwenye shamba la mboga.

Majembe mawili ya yule mama yalirudi shambani kesho yake. La tatu lilikwenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, na pesa ya jembe jipya ikatoka kwenye fungu la mbegu.

Qur'ani ina sura nzima iitwayo Al-Hadid, yaani Chuma, inayotukumbusha kuwa humo mna nguvu na manufaa kwa watu. Neema hiyo haihitaji zaidi ya kitambaa na tone la mafuta. Wazee walisema mchagua jembe si mkulima. Nami naona asiyelifuta jembe lake, msimu ujao atakosa hata la kuchagua.