Sukari Guru, Mpaka, na Keki ya Tabaka Tatu

Mtu akiona sukari guru nyumbani kwa mkimbizi, cha kwanza kuuliza ni pombe. Nimeulizwa na mlinzi wa soko, nikaulizwa na kijana wa shirika ambaye naamini alikuwa na nia nzuri. Mimi huokea keki. Na kwa kuwa swali haliishi, acha niandike keki hii ilitoka wapi.

Ni ya tabaka tatu: chini donge la unga wa ngano na sukari guru, katikati karanga na simsim zilizosagwa, juu donge tena. Wamarekani wana ndugu yake, blondi, yaani brauni isiyo na kakao. Watu hudhani ya kakao ndiyo mama. Lakini Fannie Farmer wa Boston alipotoa kitabu chake cha mapishi mwaka 1896, brauni zake zilikuwa za molasi, hazikuwa na chokoleti. Sisi molasi hatuinunui kando: maji ya miwa yanachemshwa mpaka yanaganda, na molasi inabaki humo humo. Ndiyo inaipa keki rangi ya udongo na kuifanya ivutike mdomoni. Wahindi huiita gur, nasi tukaongeza irabu.

Sukari nyeupe ina historia nyingine. Kiwanda cha Miwani karibu na Kisumu kilianza 1922, Lugazi 1924, Kakira 1930. Uganda ilijitosheleza kwa sukari, hadi Agosti 1972 Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 waondoke. Viwanda vikafa polepole, na kufikia mwanzo wa miaka ya 1980 sukari ya Uganda ilikuwa karibu imekwisha kabisa. Hapo ndipo magendo yalishika. Kahawa iliteremka Kenya, sukari, chumvi na sabuni zikapanda Uganda, usiku, kichwani au kwa baiskeli. (Bodaboda nayo ni mtoto wa Busia, ya kutoka boda hadi boda.)

Mama mmoja wa Iyolwa aliniambia siku hizo chai ilinyweka na kipande cha guru mkononi: unauma kidogo, unakunywa. Alikuwa Mjapadhola na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, lakini neno “guru” alilitamka kama mtu wa kwetu kabisa.

Nilimfahamu kwa sababu ya uchaguzi. Matokeo ya Kenya yalitangazwa tarehe 30 Desemba 2007, na kufikia Januari maelfu yetu tulikuwa tumevuka Busia na Malaba. Tukawekwa Mulanda, wilaya ya Tororo. Posho ilikuwa mahindi, maharagwe, mafuta. Ngano hakuna, sukari hakuna. Iyolwa si mbali, basi tulienda kulima kibarua, na huyo mama alilipa kwa karanga. Siku moja akaongeza bonge la guru la Kenya, limefungwa kwa jani la mgomba. Barabara ileile ya magendo, ila sasa mizigo ilikuwa sisi.

Jiko la kuokea hatukuwa nalo. Unatia mchanga mkavu kwa sufuria kubwa, unaiacha juu ya makaa mpaka mchanga uchome kidole, unaketisha sufuria ndogo ndani, unafunika, kisha unaweka makaa juu ya kifuniko. Guru unaiyeyusha kwanza na mafuta, moto mdogo, maana ikiungua inakuwa chungu na hakuna dawa. Magadi kidogo tu, kwani guru ina uchachu wake unaoyaamsha. Ukiyazidisha utapata mkate, si hii. Donge la juu usilikandamize, linyunyize kwa vidole.

Mwaka huohuo tulihamishiwa Kiryandongo. Huku walitutangulia Waacholi kutoka Sudan, walioletwa tangu 1990, na majirani hao wana odii, karanga na simsim zilizosagwa pamoja hadi laini. Tangu nionje odii sijasaga tabaka la kati mwenyewe. Kwa maoni yangu ndiyo iliyoikamilisha keki, ingawa watu wa Busia watabisha.

Shuku ya pombe ina chanzo. Kenya ilipiga marufuku chang'aa mwaka 1980, na wapika chang'aa hupenda guru, basi jina lake likachafuka pamoja nao. Sheria ya 2010 iliifuta ile, lakini macho ya walinzi ni yaleyale. Zamani lilikuwa jambo la kuudhi tu. Sasa ni la tumbo. Julai 2023 WFP iligawa wakimbizi wa Uganda makundi matatu, na la tatu halikupata kitu tena. Akina mama kadhaa hapa huuza keki hii kwa vipande, na bonge moja la guru likichukuliwa getini, wiki hiyo hakuna ada ya shule.

Ukija kununua, njoo ikishapoa. Ya moto haikatiki vizuri, tabaka la kati linakimbia.