Kitenzi na Upanga: Wareno katika Japani ya Makabaila

Mwaka 1543 jahazi la Kichina lililochukua Wareno lilifika kisiwa cha Tanegashima, kusini mwa Japani. Kwa mujibu wa Teppōki, maandishi ya Kijapani ya mwanzoni mwa karne ya 17, wenyeji na wageni hawakuelewana hata Mchina mmoja aliyekuwamo chomboni alipoanza kuandikiana na mwenyeji, kwa fimbo mchangani, kwa hati ya Kichina. Kabaila kijana wa kisiwa, Tokitaka, alinunua bunduki mbili. Wanahistoria wengi huishia kwenye bunduki hizo, nao wana sababu: mwaka 1575 Oda Nobunaga alitumia silaha za namna hiyo kuwashinda wapandafarasi wa ukoo wa Takeda huko Nagashino. Hata hivyo, maandishi yale ya mchangani nayo yanastahili kutazamwa.

Tangu vita vya Ōnin (1467–1477) amri ya shogun haikufika mbali, na mfalme mkuu aliyekuwa Kyoto alibaki na heshima bila nguvu. Watawala hasa walikuwa makabaila wa majimbo, yaani daimyo, kila mmoja na samurai wake, na chini yao wakulima waliotozwa mpunga. Ngazi hizo zilionekana katika mavazi na panga, na zilisikika pia katika kitenzi, kwani Kijapani hubadili umbo la kitenzi kwa kufuata cheo cha msemaji, cha msikilizaji na cha anayetajwa. Mgeni aliyekosea umbo alikuwa amemvunjia mtu heshima.

Francis Xavier, aliyepitia Malindi mwaka 1542 akielekea Goa, alitua Kagoshima mwaka 1549. Mkalimani wake, Anjirō, alimfasiri Mungu kuwa Dainichi, jina la Buddha mkuu wa madhehebu ya Shingon. Watawa wa Shingon wakafurahi, wakidhani wamepata ndugu wa imani. Mwaka 1551 Xavier aligundua kosa, akaamuru litumike neno la Kilatini, Deus. Wapinzani wakaligeuza kuwa dai uso, ‘uongo mkubwa’.

Baada ya hapo Wajesuiti walijifunza kwa bidii. Kamusi yao iliyochapishwa Nagasaki mwaka 1603–1604 ina vidahizo vipatavyo 32,000, na hutenga maneno ya Kyoto na ya Kyushu, ya wanawake, na ya ushairi. João Rodrigues alifuatisha sarufi (1604–1608) inayoeleza lugha ya heshima kwa kina. Je, kwa nini Kiswahili, ambacho Wareno walikifahamu mapema zaidi, kilingoja sarufi yake ya kwanza kuchapishwa hadi ile ya Krapf ya mwaka 1850? Jibu moja ni kwamba Mombasa Wareno walikuwa na ngome, iliyoanza kujengwa mwaka 1593. Japani hawakuwa na ngome ya kuwalinda. Waliishi kwa ridhaa ya daimyo, na ridhaa huombwa kwa lugha ya mwenyewe.

Ridhaa hiyo ilikwisha. Mwaka 1614 utawala wa Tokugawa uliwafukuza wamisionari, na mwaka 1639 meli za Wareno zikapigwa marufuku. Maneno pan, ‘mkate’, na tabako, ‘tumbaku’, yalibaki. Rodrigues mwenyewe alikuwa ameondolewa tangu 1610. Mwaka 1620 alichapisha huko Makao muhtasari wa sarufi yake, kwa ajili ya wanaoanza kujifunza lugha ya nchi ambayo yeye hakurudi tena kuishi.